Usiufumue Ukingo wa Mbele

Resti mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimekusikia asubuhi ukigombana na zipu ya begi mpaka ukaishinda. Sasa umekwenda Izia kumuaga bibi yako, na kwa jinsi bibi yako anavyopenda kuongea, hurudi leo mpaka giza liingie na uwe umeshibishwa ugali wa ulezi hadi shingoni. Ndiyo maana nimefunga kibanda mapema. Wateja wagonge mpaka wachoke. Nimekaa mbele ya cherehani na kalamu badala ya uzi, na mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala kutolala na simu chini ya mto. Hayo nimeyasema tangu Pasaka, ukaniitikia "ndiyo mama" bila kusikia hata moja. Nakuandikia jambo moja tu. Jana uliniachia mezani vile vipande ulivyokata, vipana kama miguu ya suruali ya mtu mnene, ukasema, "Mama, nishonee ukingo mnene wa bawa. Tuufumue huu mwembamba tuweke huo. Nisiende kuchekwa." Kisha ukaenda kuoga. Mimi nikabaki na mkasi mkononi, hasira zimenipanda mpaka masikioni.

Sijaushona. Nakwambia mapema ili usisome barua yote ukitafuta. Na siushoni.

Simu ya yule fundi mkuu wa karakana ya mabawa ya Unguja, unakokwenda kujaribiwa kazi, niliisikia, uliweka spika. Mtu mwenyewe hakuwa na ubaya, alikuita dada, akakupa hongera. "Video tumeiona, dada. Bawa lako zuri. Ila ukingo wa mbele ni mwembamba mno. Huku kwetu upepo unakuja kwa mishtuko, huo utajikunja. Sisi wote hapa tunashona mnene. Ubadilishe kabla hujaja, maana tutalijaribu siku hiyohiyo utakayofika." Wewe ukajibu sawa kaka, sawa kaka, sawa. Khaa! Mtoto niliyemzaa mimi, ambaye alipokuwa darasa la nne alibishana na mwalimu habari ya mlima mpaka mwalimu akafungua ramani, leo anasema sawa kaka kwa mtu ambaye hajaligusa bawa lenyewe!

Najua kinachokutisha. Nafasi ni ya fundi mmoja. Bawa likisimama, umepata kazi. Likijikunja, unapanda basi kurudi Sumbawanga, na baba yako mkubwa atakuja stendi kukupokea kwa kicheko. Hilo silifichi, na wewe usilifiche. Lakini tukubaliane kwanza huo ukingo umetoka wapi, maana naona umeshaanza kusahau.

Jumapili bibi yako aliniuliza, hicho kitu mnachobishania kila siku ni nini hasa? Nikamweleza hivi. Mama, ni bawa la kushika mikononi. Mtu anasimama juu ya ubao ziwani, na chini ya ubao kuna mguu mrefu wenye vibawa vidogo vya ndani ya maji. Upepo ukilijaza bawa la mikononi, ubao unakwenda. Mwendo ukikolea, vile vibawa vya chini vinaunyanyua ubao juu ya maji, mtu anaelea hewani. Na bawa lenyewe halina mti wala chuma. Mbele limeshonewa mfuko mrefu uliopinda, ndani yake kuna tyubu. Ukijaza hewa, ule mfuko unakuwa mgumu na ndio unaokishika kitambaa chote cha nyuma. Huo ndio ukingo wa mbele, na ndio unaokutana na upepo kwanza. Bibi yako akasema, "Basi huo ukilegea, mtu amekwisha." Ameelewa. Ndiyo hofu yako yote hiyo, na ndiyo ilikuwa hofu yangu.

Mimi ndiye niliyekufundisha unene, Resti. Nilianza kushona maturubai ya malori baba yako akiwa ameshatutoka na wewe unatambaa chini ya meza hii hii. Mzee Abdallah, mwenye malori pale mjini, alikuwa amekimbiwa na fundi wake. Akanitazama juu mpaka chini, mjane wa Kifipa aliyezoea kushona sare za shule, akasema, "Mama, turubai si gauni la kipaimara. Likichanika njiani, mvua inaingia kwenye mahindi ya watu." Nikamwambia nipe moja, lichanike uniite mchawi. Lilichanika. Mvua ikaingia kwenye mahindi ya watu. Alinipa la pili kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpa, na hilo nikalishona kitambaa juu ya kitambaa, uzi juu ya uzi, mpaka dereva akalalamika kwamba halikunjiki. Lakini halikuchanika. Tangu siku hiyo nikaamini kwamba kitu kinene ndicho kinachodumu, na nikakulea nikikuambia hivyo.

Ndivyo nilivyokuwa siku dereva wa Mzee Abdallah aliposhusha kile kifurushi kutoka Kirando, kule chini ziwani, kinanuka dagaa. Mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka na ziwa alikuwa ameangukia mawe, bawa lake likapasuka mbele, na watu wakamwambia mwenye cherehani ya kushona mazito yuko huku kwetu Katandala. Nilicheka. Thubutu nishindwe na kitambaa chepesi namna ile! Nikakitia kiraka, ukanifuata kukirudisha, na yule mgeni akakuruhusu ujaribu. Ulianguka, ukaanguka, ukaanguka, mpaka nikadhani maji ya ziwa yatapungua kwa jinsi ulivyoyanywa. Mtu wa kwetu kuogelea ni nani? Hata mimi maji yakifika magotini nasali. Lakini kila ulipoibuka ulikuwa unacheka, na alipoondoka mgeni akakuachia ubao wake wa zamani wenye ufa, na mguu wake wa chini. Bawa akaenda nalo. Ukarudi nyumbani ukiwa na ubao kichwani, ukaniambia, "Mama, lililobaki ni la cherehani yako."

La kwanza nilikata mimi. Ulisema mbona ukingo mnene, nikakuambia nyamaza. Nikaushona mnene kama paja langu, na paja langu unalijua. Tena nikaukata kwa vipande vichache virefu kwa sababu sikutaka kazi ya kuunganisha vingi. Nami nasema haki yake. Lilisimama. Upepo ulikuja kwa mishtuko ukapiga, halikutikisika. Yule kaka wa Unguja hasemi uongo, mnene unasimama.

Ila hukwenda popote. Nilikaa pale ufukweni Kirando nikitazama. Upepo ulikutana na ule ukingo kama unavyokutana na ukuta wa nyumba, unausukuma tu nyuma. Mikono ilikuuma mpaka usiku ukashindwa kushika kijiko. Kila ukijaribu kuelekea upepo unakotoka, bawa linakukokota kurudi. Na pale kila vipande viwili virefu vilipokutana palikuwa na kona, kitambaa kinajikunja makunyanzi na kupiga kelele kama bati lililong'oka msumari. Ulianzia kwenye lile jiwe jeusi mbele yangu, ukaishia mbali huko chini kwa upepo, ukarudi kwa miguu na ubao kichwani, ukipita katikati ya akina mama wanaogeuza dagaa. Nao hawakukuacha. "Rubani! Umerudi kwa miguu tena?" Siku ya kwanza ulicheka nao. Baadaye ukawa unapita nyuma ya nyumba wasikuone.

Ukaniambia tupunguze unene. Nikakataa. Ukaniambia tena, nikakuambia kama unajua sana kashone mwenyewe. Mwisho nikakata mwembamba kwa hasira, kutoka turubai lilelile, ili tu nikuonyeshe. Mshtuko wa kwanza wa upepo ukaukunja katikati, bawa likakuangukia kichwani, ukazama. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilisimama pale nikisema kwa sauti, si nilikwambia? Si nilikwambia? Ukaibuka, ukatema maji, wala hukunijibu kwa hasira. Uliushika ule ukingo ukauvuta kwa mshazari, hivi, mbele ya macho yangu, ukanyooka kama soksi ya zamani. Ukasema, "Mama, tatizo si wembamba. Ni kitambaa. Kinavutika."

Njia nzima ya kupanda mpaka Namanyere nilikuwa navuta upindo wa kanga yangu mshazari, naachia, navuta tena. Dereva alidhani naumwa. Nilikuwa nawaza miaka yote niliyomaliza nikiongeza unene kwenye turubai, kumbe mengine yalikuwa yanataka kitambaa kingine tu. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, wazee walishasema, na mimi nikawa naucheka msemo huo bila kuusikia.

Hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi, wewe na mimi, kwa mara ya kwanza si mama na mtoto bali mafundi wawili wanaonuniana. Mzee Abdallah akatuletea kutoka Dar kile kitambaa cheupe kigumu, ukikivuta huku hakiendi, ukikivuta mshazari hakiendi. Kikituruhusu kujaza hewa nyingi bila kutanuka, basi ukingo mwembamba unaweza kuwa mgumu kuliko ule mnene wa turubai. Ulinieleza hilo mara nyingi mpaka nikakuamuru ukae kimya nishone. Tukakata vipande vifupi vingi ili kona ziwe ndogo ndogo na pindo zima lipinde bila kunyanzi. Tukauacha mnene kiasi pale katikati, mikono inapovuta, ukaendelea kupungua kuelekea ncha. Ncha tukaziinua zisiguse maji, tukazidisha, bawa likawa tulivu kama kondoo na nguvu halina, tukafumua, tukashusha kidogo. Wembe mmoja wa kufumulia uliisha makali katika ukingo huo peke yake. Sasa unataka nimalize wembe mwingine, kwa sababu ya simu moja?

Na usisahau siku ya dagaa, maana mimi sitaisahau mpaka kaburini. Pampu yetu ilikuwa imekufa, nikasema shida iko wapi, tulijaze hapa hapa kwa fundi tairi wa Katandala, ana mashine. Alfajiri, baridi la kwetu lile la kukata masikio, tukalijaza likawa gumu, tukalifunga juu ya lori likiwa limejaa hivyo hivyo. Watu barabarani wanashika vichwa. Dereva ananiuliza, "Mama Resti, hii ni ndege au ni jeneza la mtu mrefu?" Tunafika Kirando, bawa limelegea. Nikasema fundi tairi katuibia hewa! Wewe ukaanza kunieleza ya shuleni, kwamba huku chini ziwani hewa ya nje ni nzito kuliko ya kwetu juu, inaibana tyubu kutoka nje. Nikakuambia fizikia yako kaiweke kwenye chai. Nikaazima pampu ya mtu, nikajaza mpaka nikiupiga ukingo kofi unalia kama ngoma ya harusi. Nikaulaza juani, kwenye mchanga wa moto, kando ya dagaa wa watu, nikakuvuta tukanywe chai tukisubiri upepo.

Kishindo kile! Nilidhani ni gurudumu la lori. Dagaa wameruka kama mvua, akina mama wanapiga mayowe, kuku wanaokota. Mshono wangu ule niliojivunia ulifunguka kutoka katikati mpaka karibu na ncha. Tuliokota dagaa mpaka jua linazama, mmoja mmoja na mchanga wake, na yule mama mwenye dagaa akasimama juu yetu mikono kiunoni akitutajia ukoo wetu wote. Nawe ukiwa umeinama ukaniambia polepole, "Mama, umekuja na kipimo cha Sumbawanga kwenye jua la Kirando." Nilitaka kukupiga na ungo wa dagaa. Sikukupiga kwa sababu ulikuwa unasema kweli.

Basi sikia. Siku ya dagaa ndiyo inayonifanya nikuamini leo kuliko yule kaka. Yeye amekwambia upepo wa kwao una mishtuko, na hilo analijua yeye, lisikilize. Ukifika, jaza hewa palepale ufukweni, kwenye kivuli, si chumbani, si alfajiri. Upige ukingo kofi usikie unavyolia kwa hewa ya kule. Pwani ni joto kuliko Kirando. Lakini unene wa ukingo wako yeye haujui. Wao wanashona mnene labda kwa sababu kitambaa chao kinavutika. Labda kwa sababu aliyewafundisha alishona mnene, na yeye alifundishwa na mwingine, kama mimi na maturubai yangu. Anajua wa kwao. Wako hajaupiga kofi hata mara moja.

Na siku bawa lilipofaulu, tulipokwisha kuushona upya ule mshono, mimi nilikuwepo. Ulitoka kwenye lile jiwe jeusi. Upepo wa kiangazi ulikuwa unashuka kutoka kwetu mlimani kwa vishindo, si upepo wa kubembeleza. Ulipiga, nikaona ukingo unatikisika kidogo na kunyooka, nikashika rozari mfukoni. Ubao ukanyanyuka. Ukaenda mpaka ukawa kidoa, na safari hii ulikuwa unaelekea upepo unakotoka, ukikata upande huu, ukigeuka, ukikata upande ule. Akina mama wakaacha dagaa wakasimama. Nikawa nasema peke yangu, sasa atarudije, sasa atarudije. Ukarudi. Ulishuka mbele ya lile jiwe ulipoanzia, maji magotini, huna hata pumzi ya kuongea. Yule mama wa dagaa, yule yule, akasema, "Kumbe kinarudi!" Nilimkumbatia, nikamchafua machozi, wala hatukuwa tumesalimiana tangu siku ya mlipuko.

Kwa hiyo ukinipa vipande vinene nishone, unajua unachoniomba? Unaniomba nikutoe hapa uende mbali ukiwa na kile kinachokwenda tu upepo unakokipeleka. Sitaki. Nakupeleka mbali, nataka uende na kile kinachojua kurudi.

Jumapili pale Izia ulinyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kumeniuma kuliko maneno ya baba yako mkubwa. Walikaa na chungu chao cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mirija mdomoni, yeye akatoa wa kwake na kusema, "Watoto wa mahindi na ulezi wanakwenda kuchezea bahari. Wakizama tutawazika wapi?" Wengine wakacheka kidogo. Ukaangalia miguu yako. Nikasema, shemeji, nimekusikia, sasa nisikie na mimi. Huyu mtoto hachezi. Ameshona, amefumua, amezama, ameibuka, na wewe tangu nikufahamu hujawahi kufumua hata kamba ya mbuzi. Bibi yako akacheka mpaka akakohoa. Najua nimevunja heshima. Nitakwenda kumwomba radhi kwa hilo la kamba ya mbuzi, kwa sababu ni kaka wa marehemu baba yako, na aliwahi kutupatia mbuzi wake siku za shida. Kwa yale mengine siombi radhi kwa mtu.

Na huko uendako watakutania, jiandae. Ukisema tu umetoka Sumbawanga watauliza, "Haa! Ungo wako umeupaki wapi?" Nchi nzima inaamini sisi tunaruka usiku. Nimetaniwa hivyo stendi ya Mbeya, nimetaniwa Dar, nikawa nanuna. Wewe usinune. Waambie ungo wetu siku hizi una mshono na unajazwa kwa pampu, na mchana kweupe. Halafu waonyeshe. Wakicheka, cheka nao, lakini mkono usitoke kwenye bawa.

Sasa lile ambalo sijakwambia kwa mdomo. Naogopa. Naogopa sana. Tangu juzi naliona bawa likijikunja mbele ya wale watu wa Unguja, nakuona unalikunja peke yako mchangani na hakuna hata mama wa dagaa wa kukutukana. Inawezekana. Upepo wa kule siujui, na mshono ni wa mkono wangu, nao ulishawahi kupasuka. Jana nilipovishika vile vipande vinene, mkono mmoja ulitaka kuvishona. Ningevishona, ungekwenda na bawa linalofanana na yao, lingesimama, labda wangekuchukua, nami ningelala usingizi. Ungekuwa salama. Lakini kila siku ungeshona kitu unachojua ni kizito, ukisema sawa kaka, na mimi ndiye ningekuwa nimekufundisha.

Likijikunja, Resti, likijikunja kweli kweli mbele ya macho yao na hewa yake ikiwa imejaa sawasawa, basi fumua. Ushone mnene wao, ujifunze kutoka kwao, ubaki na kazi, na mimi sitasema neno. Sikwambii ufe na wembamba. Upepo ukisema mnene, ni mnene. Ninachokataa ni kufumua kwa sababu ya simu.

Vile vipande vyako havikupotea. Nilisema sitakushonea ukingo, sikusema sitavishona. Nimevishona mkoba wa kubebea bawa, una mkanda wa begani, na chini nimeweka kitambaa maradufu kwa sababu mabasi yanaburuta mizigo. Ni imara huo! Kwa mkoba, unene unafaa.

Na wembe wa kufumulia nimekuwekea, mpya, ndani ya karatasi yake. Usiutafute kwenye mifuko ya pembeni. Nimeuweka chini kabisa ya mkoba, na bawa nimelikunja juu yake. Ukiutaka, itabidi kwanza ulitoe bawa zima ulitandaze mchangani mbele yao. Na likishakuwa limetandazwa hapo, mwanangu, lijaze hewa uende nalo majini kwanza.

Mama yako,
fundi turubai, Katandala